Sauti ya Mama Mdogo Niliyodhani Nimeificha

Ndugu wasomaji, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mtangazaji wa redio ya jamii mjini Butembo. Sijaolewa, nimepanga chumba upande wa Rughenda. Sauti yangu huingia katika nyumba nyingi, lakini nikifunga mlango wangu hakuna anayeniuliza nimeshindaje. Aliyeniuliza, kwa simu, kila Jumapili baada ya misa, ni mmoja tu: mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

Chuo kikuu kimoja cha hapa, kikishirikiana na chuo cha Ulaya, kilianza kutufundisha sisi watu wa redio za Butembo na Beni namna ya kumsaidia raia kuwauliza maswali wanaomwongoza. Sitawabeza walimu wale. Walituagiza tumlinde anayetuamini: tubadilishe sauti yake, tufiche jina lake. Walituambia pia tusizifute sauti za mahali, mvua juu ya bati, mchi ndani ya kinu, kwa kuwa humfanya msikilizaji aone.

Kwa zoezi la mwisho nilipanda pikipiki kutoka Beni hadi kijiji cha mama mdogo, chini ya milima ya Rwenzori. Wasimamizi wa bomba la maji walikuwa wamelitia kufuli. Jamaa zao waliteka maji alfajiri, wengine wakangoja hadi adhuhuri. Wote walilalamika, hakuna aliyekubali kurekodiwa, isipokuwa yeye.

"Kama ni weye unaniuliza, mutoto yangu, nitasema. Lakini basinijue."

Niliibadilisha sauti yake mpaka hata mimi nisingeitambua. Lakini nyuma yake, uani, bata mzinga wake alipiga kelele kila alipotaja kufuli, kana kwamba naye amenyimwa maji. Nilimwacha asikike kipindini, kwa sababu alinipendeza. (Ndege mwenyewe hakuwa bata mzinga, safari hii nimebadilisha hata hilo.) Profesa mgeni wa kile chuo cha Ulaya aliposikiliza alinipongeza mbele ya wote: "Umenifanya niuone ule ua." Nami nikatabasamu.

Kijijini pale hakuna nyumba nyingine iliyofuga ndege wa namna hiyo.

Kipindi kilipotangazwa Butembo, na redio ya Beni ikakirudia, kufuli liliondolewa kabla wiki haijaisha. Maji yakawa ya wote. Ila, kama nilivyokuja kusimuliwa na watu wa kijiji, mama mdogo alipofika bombani na bidoni yake ya maji, wanawake walinyamaza. Vijana waliuigiza mlio wa yule bata mzinga, dindon kwa Kifaransa, wakicheka: "Dindon ya radio inakuja! Muchunge kinywa!" Rafiki yake wa miaka mingi alimnong'oneza, "Usinisalimie hapa, mama. Banaangalia." Wasimamizi hawakumgusa. Hawakuwa na haja. Na simu ya Jumapili ikakoma.

Baada ya miezi mitano nilikwenda kumwomba msamaha. Ua ulikuwa kimya. Aliniketisha, akaniletea bugali na nyama katika sufuria kubwa mno kwa watu wawili.

"Kula. Ni ule mwenye alisema pamoja na miye kwa radio."

Nilimwuliza kwa nini amemchinja bata mzinga wake.

"Nilialika bamama ba shirika, benye tunasali nabo, tukule pamoja, maneno iishe. Mumoja alisema anagonjwa. Mwingine alisema mutoto yake anagonjwa. Bengine habakusema kitu." Akacheka kidogo. "Nyama iko mingi, mama. Kula."

Nikala. Kisha akaniuliza bila kunitazama: "Ile sauti yangu, ilishaisha kule kwenu? Habataicheza tena?"

"Imekwisha, mama," nikajibu.

Nilimdanganya. Mkobani nilikuwa na barua ya profesa: siku ya kufunga mafunzo kipindi changu kitachezwa katika ukumbi wa chuo, redio zetu zote zikirusha moja kwa moja na wanafunzi wa Ulaya wakifuatilia, kama mfano wa jinsi ya kumlinda msemaji. Mimi ndimi nitakayesimama kukieleza. Mkurugenzi wangu nilipomfunulia mambo haya alinijibu kwa upole: "Dada, maji si ilipatikana? Usituharibishie fête yetu ya kufunga mafunzo juu ya kuku."

Nimekwisha kumwandikia profesa ukweli wote, na barua nitaituma kesho. Najua kipindi kitaondolewa, na huenda pamoja nacho nafasi ya masomo niliyoahidiwa. Hilo nitalivumilia. Walimu wanastahili kujua kosa lilipo kabla ya kulifundisha kwa wengine.

Linalonishinda ni hili. Jumapili baada ya ziara yangu, simu iliita. Alikuwa yeye. "Umeshinda aje, mutoto yangu? Umekula?" Tukaongea karibu saa nzima, juu ya mvua, juu ya muhogo wake, juu ya mahubiri ya padri. Kabla ya kukata simu alisema, "Wiki hii sijaongea na mutu mwingine." Nikimwambia kwamba nyama yake ikiwa bado mdomoni mwangu nilimwambia uongo, huenda nikamnyang'anya mtu wa mwisho anayezungumza naye. Nisipomwambia, mtu huyo wa mwisho ni mwongo.

Kesho kutwa ni Jumapili. Ninyi msionijua, mliosoma mpaka hapa, niambieni: simu yake ikiita, neno langu la kwanza liwe lipi?