Jicho la Kufumba

Mtaani walimwita Kiguu-na-Njia, na hakuna aliyewahi kumwonea huruma kwa jina hilo, kwa kuwa alilitafuta mwenyewe. Alikuwa mpiga picha za safari. Majarida yakimtuma anakwenda, yasipomtuma anakwenda vilevile. Amelala kwenye vituo vya treni vilivyozibwa na theluji. Amekula vumbi jangwani wiki nzima akimngoja bibi mmoja mchungaji apitishe ngamia wake kileleni mwa mchanga jua likiwa upande anaoutaka yeye. Amepanda mlima na homa mwilini, ati ukungu wa huko juu una rangi ya pekee. Ukimuuliza faida yake nini, atakujibu, "Mwenye macho haambiwi tazama," kisha atakuonyesha picha, nawe utanyamaza.

Sebule yake ilijaa watu wasiojuana: muuza kengele, wazee wawili waliogombana kwenye drafti, mtoto aliyelala juu ya gunia la vitunguu. Picha ya mkewe ilikuwepo moja tu, ya harusi, na hiyo aliipiga mtu mwingine. Mkewe alikuwa fundi cherehani na kazi yake aliifanyia hapo hapo sebuleni, kwa hiyo wale wageni wa ukutani walimtazama akishona mwaka mzima, zaidi kuliko alivyotazamwa na aliyewaleta.

Sasa, Kiguu-na-Njia alikuwa na desturi moja kazini. Akishaweka kamera usoni, hutazama kwa jicho la kulia na kulifumba la kushoto, kwa nguvu, mpaka shavu linajikunja. Vijana wa siku hizi huacha macho yote wazi. Yeye alisema hayo ni mambo ya kuhudhuria mikutano miwili kwa wakati mmoja. Miaka nenda rudi, upande wa kushoto wa uso wake ukazeeka kuliko wa kulia. "Hili la kushoto ni bosi," aliwatania wenzake. "La kulia ndilo linalofanya kazi."

Nyumbani mambo yalianza kupoa taratibu. Mezani mkewe alikaa kushoto kwake, karibu na cherehani, siku zote. Akawa anamnyooshea kikombe, kikombe hakipokewi. Wakitembea barabarani akimpa mkono, mkono unabaki hewani. Siku moja mwanamume alipita sebuleni akaangusha kopo zima la pini, akaendelea na safari yake kama si yeye.

"Umekuwa mtu wa dunia," mkewe alimwambia akiokota pini. "Sisi wa humu ndani hutuoni tena."

"Mama watoto, hasira hizo unazitoa wapi?" alijibu, naye alikuwa mkweli, hakujua. Akafanya alichokijua: akafunga begi.

Safari ile ndiyo iliyomtia wasiwasi. Sifa yake kubwa ilikuwa pembe safi za picha. Hakuna kitu kinachoingia bila ruhusa. Safari hii alirudi na picha zenye kiwiko cha mtu, ndoo ya taka, nusu ya baiskeli, vyote pembeni, vyote asivyoviona alipokuwa akipiga. Akailaumu lenzi. Angelaumu nini kingine? Akaipeleka kwa fundi wa kamera, rafiki yake wa zamani, mwenye kibanda cha vioo na taa moja kali juu ya meza.

Fundi aliifungua, akaipuliza, akaifunga. "Kaka, lenzi nzima hii. Labda umechoka tu. Hebu jaribu na jicho jingine."

Kiguu-na-Njia akacheka. Akalifumba la kulia, jambo ambalo hakuwa na sababu ya kulifanya tangu aanze kazi.

"Usizime taa bwana, nitaonaje?"

 Fundi akadhani ni mzaha, maana mtu huyu alipenda mizaha. Kisha akauona mkono wa rafiki yake ukiipapasa meza, na taa inawaka pale pale juu ya vidole vyake.

"Sijazima," akasema.

Daktari wa macho alikuwa dada mpole, na upole wake ulimtisha kuliko maneno. Alimwambia ni presha ya macho. Hunyemelea bila maumivu. Hula pembeni kwanza, ikienda ndani, na jicho moja likila hasara jingine hulifichia. Mtu wa kawaida huenda akagundua siku anaposugua jicho moja akabaki na jingine. Yeye, mwenye kulifumba kila siku, alikuwa amejizoesha kutolihitaji. La kushoto limekwisha. La kulia limeshaliwa kingo.

"Mtanirudishia?" aliuliza.

"Lililopotea halirudi, baba. Tutajaribu kulishikilia lililobaki."

Aliuliza tena, kwa njia nyingine, kama mtu anayebisha mlango ambao ameshaambiwa hauna mwenyewe. Jibu lilikuwa lile lile. Alipewa dawa ya matone.

Nyumbani alisimama katikati ya sebule akasema yote kwa pumzi moja. Cherehani ikanyamaza. Alitegemea kilio au lawama. Alistahili vyote viwili. Mkewe aliweka mkasi mezani.

"Kwa hiyo vile vikombe," akasema, "hukuwa unavidharau."

"Sikuviona."

"Na mimi?"

"Sikukuona, mke wangu."

Hapo ndipo mkewe alipolia, na nakwambia, hakulia kwa huzuni peke yake. Alikuwa amebeba neno moja kifuani muda mrefu, kwamba mumewe amemchoka, na sasa limemtoka kwa bei ambayo hata adui asingemwombea. Akafuta macho, akainua kiti chake, akakiweka kulia kwa mumewe. 

Jarida moja lilimpigia simu kumwita kwenye visiwa vya mbali. Alisema atafikiria, akakata, akakaa na simu mkononi. Begi bado liko nyuma ya mlango. Hathubutu kulifungua, na hathubutu kulibeba. Matone anatia, kwa mkono wa mkewe, asubuhi na jioni. Kliniki anakwenda. Kila akienda, daktari anazidi kuwa mpole.

Mkewe hamwulizi kitu. Ila akimnyooshea kikombe cha chai kikachelewa kupokewa, anainuka, anasogeza kiti chake kidogo mbele, anakaa. Mwezi ukipita anakisogeza tena. Kilianza kulia kwake, kikaja pembeni mwa meza, kikapita kona.

Juzi walikaa uso kwa uso, magoti yakigusana chini ya meza.

"Hapa unaniona?"

"Nakuona."

Mkewe akashusha mkono akakishika kiti chake, kwa mazoea, kisha akakiachia, maana hapakuwa tena na pa kukisogeza.