Tindo Iliyorudi Motoni

Siku ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, ni ile tindo zangu tatu za kuvunjia mawe zilipokatika ndani ya kisima hata kabla ya saa nne asubuhi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na kichwani nilikuwa na kemia nyingi kuliko busara. Baba alikuwa mhunzi, jatheth wa kijiji chetu huku Nyatike. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi mvukuto na nyundo vikaniangukia mimi. Nyuma ya nyumba yetu, mchimbaji Omolo, aliyezoea machimbo ya dhahabu ya Macalder, alikuwa akituchimbia kisima. Mama alikuwa na nyonga mbovu, na bado alishuka mtoni kila siku na mtungi kichwani. Kisima kile kilikuwa chake.

Omolo akafikia mwamba, akataka tindo kali. Baba alikuwa ameenda msibani Oyugis, nami nikasema hilo ni dogo. Nikachukua chuma cha springi ya lori la miwa tulichonunua Awendo, nikakifua kuwa tindo tatu, nikakipasha hadi kikawa chekundu, nikakitumbukiza majini. Kikawa kigumu hata tupa ikateleza juu yake. Baba alizoea kukirudisha motoni mara ya pili, lakini mimi, msomi wenu, niliona mzee anapoteza makaa bure. Mkamia maji hayanywi.

Tindo ya kwanza ilikatika ncha kwa pigo la tatu. Nyingine mbili hazikuchelewa, na kibanzi kikampasua Omolo shavu, chini kidogo ya jicho. Alipanda juu akivuja damu, akasema kesho anarudi Macalder, kule mwamba angalau una dhahabu. Mama alichukua mtungi wake akaelekea mtoni. Niliona aibu ambayo hata leo nikiitaja inaniwasha.

Baba aliporudi jioni aliviokota vile vipande, akavigeuzageuza. Hakunigombeza.

“Nyara,” alisema, yaani binti yangu, “kigumu kupita kiasi huvunjika. Kirudishe motoni, na safari hii kibembeleze.”

Alfajiri nikafua nyingine. Nikaikaza majini, nikaisugua kwa jiwe hadi ikang'aa, kisha nikaipasha polepole bila kubandua macho. Rangi zikaanza kutembea kuelekea nchani: njano ya nyasi kavu, kahawia ya mandazi, halafu zambarau ya biringanya. Hapo Baba akaniambia niizime majini.

Nikamwomba Omolo msamaha, na siku moja tu zaidi. Akaguna, akashuka. Jua lilizama na ncha bado iko palepale! Hakwenda Macalder. Siku ya tatu akaita kutoka chini, “Pi nitie,” maji yapo. Mama hakungoja yatulie. Aliyanywa na matope yake, akapiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio, na mtungi wa mtoni akaufanya wa kutagia kuku.

Basi soma, mwanangu, uwe mkali. Lakini ukishakuwa mkali usidhani umekamilika. Wakubwa wakikurudisha motoni, rudi, ukae hadi rangi ije. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunja tindo tatu na karibu jicho la mtu.

Mungu akupe mikono ya kazi na sikio la kusikia, na kila mwamba utakaoupiga ukutolee maji, kama haya uliyoyanywa hapa kwangu asubuhi hii.