Mama Mwenye Mianzi

Mpokea wageni wa ofisi yetu hamsemi mtu. Huisema mianzi yake ya bahati. Imesimama mezani kwake katika gilasi ya maji na kokoto, mbali na dirisha, jua lisije likaunguza majani. Kila asubuhi humwaga maji ya jana, husuuza kokoto, kisha hufuta jani moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, hasa wachelewaji wanapopita. "Wewe mwanangu hulali hovyo, ndiyo maana unanawiri," huiambia, na mhasibu huinamisha kichwa.

Jana meneja mpya aliamuru meza zibaki na kompyuta tu, mianzi itupwe. Mama hakubisha. Aliivuta gilasi kifuani akaanza kufuta. "Nyamaza, mwanangu. Mgeni hajajua hata choo kilipo, keshaanza kuhamisha vyombo." Sisi wengine tulikodolea macho karatasi zetu. Meneja akaiinamia gilasi. "Mwambie mama yako utabaki," akanong'ona, "ila simu ikilia, ipokewe." Kitambaa kikasimama juu ya jani. Nikadhani Mama kapatikana.

"Umesikia, mwanangu?" akasema, sauti laini kama pamba. "Baba amekubali."