Mkono wa Fundi Cherehani

Kwa miaka kumi na saba wodi ya wagonjwa wa akili ilikuwa na muuguzi mmoja tu aliyesomea kazi hiyo, mwanamke mfupi asiyejua kupindisha maneno, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Wodi. Jengo lake lilikuwa la mwisho, nyuma ya jiko na shimo la taka: vitanda ishirini, wagonjwa thelathini na kitu. Kila mwaka aliletewa wauguzi wapya wawili, na kila walipoanza kufunguka macho walihamishiwa wodi ya wazazi. Alipolalamika, mganga mkuu alimwambia kule ndiko kwenye kazi.

"Na sisi huku tunacheza bao?" aliuliza. Mganga mkuu akacheka tu.

Basi akaamua kuwafundisha aliokuwa nao. Kila Jumatano mchana aliwakalisha mfagiaji, mpishi na walinzi wawili kwenye benchi la varandani. Aliwaonyesha namna ya kusimama ubavuni mwa mtu aliyechachamaa badala ya kumkabili, kumwita kwa jina lake, kushusha sauti, kusubiri. Mfagiaji, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, ndiye aliyeshika somo kuliko wote. Mwaka haukuisha kabla kamba za kufungia wagonjwa hazijageuzwa za kuanikia mashuka.

Habari zikamfikia mganga mkuu. Ikaja barua: asiye na cheti asimguse mgonjwa, mafunzo rasmi yako njiani. Kweli yalikuja, siku tano katika ukumbi wa hoteli. Waliokwenda ni mganga mkuu, katibu wake, mtunza stoo na dereva. Mama Wodi alipouliza kulikoni yeye hayumo, akaambiwa hakuna wa kubaki na wagonjwa.

"Sawa, mimi nibaki nao. Dereva anakwenda kujifunza nini?"

Siku ya tatu ya semina, Mama Wodi alitakiwa kumsindikiza mgonjwa hospitali nyingine. Wodi akaachiwa muuguzi wa chumba cha meno, binti ambaye hakuwahi kukanyaga huko. Asubuhi hiyo fundi cherehani mmoja, baba wa watoto wawili, alianza kupiga kelele kwamba anataka kwenda kwake. Mfagiaji akasogea akae naye. Yule binti, kwa woga, akamkumbusha ile barua, akamtoa nje, akawaamuru walinzi wamfunge mgonjwa kitandani. Wakazifungua kamba za mashuka, wakamfunga, wakamwacha hivyo mpaka alasiri.

Mama Wodi aliporudi alimkuta mfagiaji varandani amegeukia ukuta, analia. Ndani, mkono wa kulia wa fundi ulikuwa umevimba, vidole baridi. Akaikata kamba kwa mkasi wa bandeji.

Akili ya fundi ilitulia baada ya mwezi. Vidole havikurudi, hata sindano hakuweza kuishika. Mkewe akamfuata Mama Wodi.

"Dada, akili yake mmenirudishia, nashukuru. Mkono wake nimuulize nani?"

Mama Wodi akamwambia aje kesho yake. Siku hiyo mganga mkuu alikuwa akiwasomea wafanyakazi wote ripoti ya semina, na alikuwa amefika kwenye sehemu ya utu wa mgonjwa, Mama Wodi alipoingia na mke wa fundi, akamtaka mwanamke huyo aulize tena swali lake. Mganga mkuu akasema hapo si mahali pake.

"Uliwakataza waliojua, ukaenda kukaa kwenye viti vyao," Mama Wodi akasema. "Sasa mjibu."

Mganga mkuu akafunga kikao.

Kamati ikaundwa. Ilimkemea binti wa chumba cha meno na haikutaja barua hata kwa mstari mmoja. Mama Wodi naye akapewa onyo kwa kuvuruga mkutano, atie saini. Akaandika: Nimesoma, sikubali.

Jumatano iliyofuata akawaita watu wake benchini kama zamani. Yule binti akaja mwenyewe, macho chini, na mfagiaji akamsogezea nafasi. Mpaka leo hakuna aliyewazuia, wala hakuna aliyewaletea muuguzi wa pili.

Mganga mkuu alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Mwanawe Mama Wodi humsihi asamehe, presha itamuua. Yeye humjibu kwamba atasamehe siku fundi akitunga uzi sindanoni.