Pikapu ya Mzee Anatoli

Tangu baba yake azikwe, Gidioni hakutulia. Kila akitoka shambani kwao Keza, alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu aliyoachiwa na marehemu. Alikuwa ameshabadilisha betri, akasafisha kabureta na kuziba rejeta iliyotoboka, lakini moyo haukutua. Siku baba yake, Mzee Anatoli, alipozidiwa, gari hilo lilikataa kuwaka. Walimpakia kwenye bodaboda, akakata roho njiani.

Jumapili moja, watu wakitoka misani, jirani yao Niyonsaba alishikwa na uchungu. Mumewe alikuja mbio.

"Gidioni, gari linawaka?"

"Sijui."

Alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikazima. Akazungusha tena, ikanguruma.

Alimfikisha Niyonsaba hospitali salama, na mtoto akazaliwa kabla jua halijazama. Aliporudi, mama yake alimwandalia ugali wa muhogo na maharage.

"Kaa chini ule, mwanangu. Umeshafanya kazi kubwa."

Gidioni alikula amesimama, macho yake kwenye pikapu uani.

"Breki za nyuma hazishiki vizuri, mama. Kesho alfajiri nakwenda Ngara mjini kutafuta nyingine."