Hita ya Siku Arobaini

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Dubai, msimu wa baridi, na mama yangu hakuja. Tulikuwa tumepanga aje kunikanda. Kwetu Tanga mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na alasiri mpaka arobaini itimie, na anayemkanda ni mama yake au shangazi yake, si mtu wa kuokota tu. Wiki ile ile niliyojifungua, mama akateleza uani akavunjika mguu. Basi tukabaki mimi, mtoto, na hita ya bafuni.

Tunakaa Jumeirah Village Circle, ghorofa ya tisa, chumba kimoja chenye jiko pembeni. Mume wangu ni msimamizi wa zamu kwenye hoteli moja huko Marina. Anaondoka alfajiri, anarudi maghribi. Majirani nawajua kwa viatu vyao mlangoni.

Mama akaamua kunikanda kwa simu. Asubuhi, akipata nafasi, anapiga, naweka simu juu ya mashine ya kufulia, yeye ananielekeza. "Likamue taulo vizuri. Bonyeza chini ya kitovu. Bonyeza, mwanangu, usijionee huruma." Tukimaliza ananiambia nifunge tumbo kwa kanga, ninywe uji wa pilipili manga, nizime kila kitu, nilale na mtoto. Namwitikia, "Haya, mama," kama nina miaka tisa.

Shida ikawa hita. Asubuhi maji yanatoka ya moto mpaka nayapooza. Alasiri, siku nyingine ya moto, siku nyingine baridi ya kukufanya useme maneno ambayo mzazi mwenye kichanga kifuani hafai kuyasema. Nilijaribu birika la umeme. Beseni moja linataka mabirika manne, na la nne likichemka la kwanza limeshapoa. Sufuria kubwa mama alinikataza nisibebe. Na kila akipiga anauliza, "Jana alasiri ulijikanda?" Nilimdanganya mara mbili. Kwetu mwanamke akiumwa kiuno hata baada ya miaka kumi, watu wanasema huyo hakukandwa sawasawa. Niliogopa, tena niliogopa kweli.

Nikampigia fundi wa jengo. Mzee wa Kihindi, mpole, anavua viatu bila kuambiwa. Akaja kesho yake asubuhi, akafungua bomba, maji yakatoka na moshi. "Madam, hita nzima. Khalas, kwisha." Alasiri ya siku ile ile, baridi. Akaja tena, asubuhi vilevile, akapanda ngazi mpaka kwenye dari ya bafu, akabadilisha kifaa kinachopima joto. Siku mbili maji yakawa ya moto, nikamwombea dua. Siku ya tatu, baridi. Nikaifuta ile dua.

Mara ya tatu sikusubiri asubuhi. Nilimpigia huku nimeweka mkono chini ya bomba, nikamwambia aje sasa hivi aone kwa macho yake. Alikuwa ghorofa ya chini, akapanda. Hakugusa bomba. Alisimama kwenye korido, mbele ya ule mstari wa swichi nje ya bafu, akaziangalia, akabonyeza moja, na kule darini kitu kikaanza kunguruma. Ilikuwa ya hita. Kitaa chake chekundu kilikuwa kimeungua tangu tuhamie, kwa hiyo ikizimwa au ikiwashwa huoni tofauti.

"Ilikuwa imezimwa," akasema. "Nani anazima?"

"Hakuna anayezima. Niko peke yangu."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akakuna kidevu. "Basi ni wewe, madam."

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba nimezaa, sijarukwa na akili. Akasema sawa, sawa, inshallah, akavaa viatu vyake akaenda zake.

Kesho yake mama akapiga. Tukakanda, tukafunga tumbo. "Zima kila kitu, mwanangu, ulale." Nikasema haya, nikatoka bafuni nimempakata mtoto, na mkono wangu wa kulia ukapita ukutani, swichi ya kwanza mpaka ya mwisho, zikazimika zote. Haukuniuliza. Nimelelewa kwenye nyumba ya luku, umeme wa kulipia kabla hujautumia, ambako hulali kitu kinakula umeme, na mama akisema zima kila kitu ni kila kitu. Siku asizopiga najitupa kitandani bila kugusa chochote, na alasiri maji yanakuwa ya moto. Akirudi mume wangu, anaziwasha zote akitafuta taa ya korido, na asubuhi hita imeamka tena. Nilisimama pale na mkono ukutani, simu bado iko hewani.

"Umezima?" mama akauliza.

Nikaiwasha ile moja. "Nimezima, mama."

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Kwamba ndiye aliyekuwa ananizimia maji, kutoka Tanga, mguu ukiwa kwenye plasta?

Alasiri maji yalitoka ya moto, mengi. Nilijaza beseni mpaka juu, nikakaa kwenye kigoda. Nilikanda tumbo, nikakanda nyonga na mapaja, nikibonyeza kama nilivyofundishwa. Nikafika mgongoni. Nilirusha taulo juu ya bega, likatua likaning'inia. Nikajaribu upande wa pili. Mgongo wako mwenyewe huwezi kuukanda, mkono haufiki, na ukifika hauna nguvu. Siku zote zile nilikuwa nikifika hapo naacha, nalaani hita, namaliza haraka maji yasije yakanigandisha.

Siku hiyo nilikaa. Hita ilikuwa nzima, na maji yalikuwa yanafuka. Nililia mpaka yakapoa, kwa sababu sasa sikuwa na kitu kingine cha kulaumu.