Mbuzi wa Kamati ya Ufadhili

Sikuingizwa kwenye kamati ya ufadhili kwa sababu ya busara yangu. Walihitaji mdomo tu. Afisa wa mfuko alitoka Nairobi na hakujua Kiturkana hata cha kuombea maji. Mwenyekiti wa bodi ya shule yetu ni Mturkana kama mimi, lakini aliona haya kutafsiri, maana mtu mwenye cheo hatafsiri. Basi akaitwa mwalimu wa Kiswahili. Katika shule ya kulipia ya Lodwar, mwalimu wa Kiswahili huitwa kwa kila jambo ambalo wengine wanaliona dogo.

Kila mwaka mfuko huo huwalipia karo watoto wachache walio werevu na wahitaji. Werevu hupimwa kwa mtihani, na hapo sina ugomvi. Uhitaji hupimwa kwa macho. Kamati inapanda gari hadi nyumbani kwa mtoto, inatazama paa, inatazama vyombo, inauliza maswali na kujaza fomu kwenye tableti. Wenyewe wanaiita kazi hiyo kuthibitisha. Nimekaa ndani ya gari hilo miaka minne, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba sijaona upuuzi mkubwa kuliko huo ukifanywa na watu wenye viatu safi namna ile.

Watu wa mjini waliujua mchezo zamani. Kuna baba mmoja mwenye kazi nzuri serikalini, na gari pia, ambaye siku ya ukaguzi alitupokea mtaani Nawoitorong katika chumba cha mabati cha mpangaji wake. Mpangaji mwenyewe alikuwa ametolewa nje asubuhi hiyo, yeye na watoto wake, wakasimama kwenye kivuli cha mti wa mathenge kutuangalia. Baba alivaa shati lililotoboka kwapani lakini alisahau kuvua saa. Mwenyekiti aliiona ile saa, nami nikamwona akiiona. Walisoma pamoja hao wawili. Mtoto akapata ufadhili, na Jumapili baba yake akasimama kanisani kutoa ushuhuda jinsi Mungu anavyowakumbuka wanyonge. Nilitamani kutema mate, ila nilikuwa nyumbani mwa Bwana.

Huko Kakuma nako, kwenye kambi ya wakimbizi, watu wamekaguliwa hadi wamekuwa mafundi. Mama mmoja wa Sudan Kusini, mwenye duka Kalobeyei, alituona tukishuka garini akaanza kucheka. Viti na friji alikuwa amekwisha kuvihamishia kwa jirani.

"Mwalimu, mimi najua hii kazi," akaninong'oneza. "Mashirika ilinifundisha zamani. Khalas, andika mimi hakuna kitu."

Huyo sikumdharau hata kidogo. Wa kudharauliwa ni aliyeutunga mchezo.

Sasa kulikuwa na msichana mmoja wa gredi ya sita, mtoto wa wafugaji wa upande wa pili wa Kakuma. Katika mtihani wa mfuko aliwaacha wote nyuma, pamoja na yule wa baba wa saa. Mwalimu mkuu akakubali kumpokea muhula mmoja kwa masharti. Kamati ikimpitisha, atabaki. Ikimkataa, atafunga sanduku. Kwa hiyo shule yake yote ilining'inia kwenye ziara ya saa moja, naye alijua. Kila wiki alinifuata kuniuliza, "Mwalimu, watakwenda kwa mama lini?"

Tulikwenda siku ya Alhamisi. Mama yake alikuwa mjane, na alikuwa amepelekewa habari na mtu wa bodaboda kwamba wageni wa shule wanakuja. Hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo, na mimi nikiwemo. Akafanya anachofanya mtu mwenye adabu anaposikia wageni. Alifagia uwanja wote. Alijipaka mafuta, akavaa shanga zake zote kuanzia mabegani hadi kidevuni. Alimwita shemeji yake, wakamchinja beberu aliyehasiwa, ndiye pekee aliyenona katika zizi lile, kwa maana ukame ulikuwa umewapukutisha wengine. Tulipofika, nyama ilikuwa motoni.

"Ejok! Ejok-noi!" Alitushika mikono mmoja mmoja, akatukalisha kivulini, akatuletea chai ya maziwa kabla hatujasema tumetoka wapi.

Tulikula. Naomba ieleweke kwamba tulikula sana. Afisa alimaliza mbavu akaomba nyingine, kisha akafuta vidole kwenye suruali na kufungua tableti yake.

"Madam, hebu muulize ako na mbuzi ngapi."

Nikamtazama mwenyekiti. Kwetu swali hilo haliulizwi. Mifugo haihesabiwi mbele ya mgeni, na mfugaji akiulizwa hasemi ni wachache wala hasemi hana, kwa kuwa kusema hivyo ni kuwalaani wanyama wake kwa kinywa chake. Mwenyekiti anajua hayo tangu ananyonya. Alikuwa anachokonoa meno.

"Tafsiri tu, mwalimu," akasema.

Nikatafsiri. Mama aliinamisha macho. Aliona aibu kwa niaba yangu, hilo nililiona wazi. Kisha akajibu kwa upole kama mtu anayemsitiri mgeni aliyeteleza.

"Wapo. Mungu wetu Akuj ametupa wa kutosha."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo na kusema, bwana, hilo si jibu la hesabu, hiyo ni heshima, na huyo uliyemla ndiye aliyekuwa akiba yake. Badala yake nilisema, "Anasema wapo wa kutosha." Afisa akaandika wa kutosha.

Garini alipiga mwayo wa shibe. "Hii familia iko sawa. Imetuchinjia mbuzi mzima! Maskini gani anachinja mbuzi?"

"Kweli kabisa," mwenyekiti akaitikia.

Nami nilikuwa na nyama yake tumboni, nikanyamaza. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja ambao mwenyekiti ndiye anayeutia sahihi. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi.

Orodha ilibandikwa ubaoni mwisho wa muhula. Mtoto wa baba wa saa alikuwemo. Mtoto wa mama wa duka alikuwemo, na afadhali. Msichana wangu aliisoma orodha mara mbili, akafunga sanduku. Nilimsindikiza hadi kwenye gari la Kakuma.

"Mama alikosea nini?" akaniuliza.

"Hakukosea."

"Basi mbona?"

Nikamwambia awahi kiti cha dirishani.

Mwaka uliofuata mfuko ulitangaza tena nafasi, na msichana, aliyekuwa amerudi kukaa kwenye darasa ambalo watoto wanabanana sakafuni, akafanya mtihani na kuongoza tena. Safari hii nilijifanya mwerevu. Jumamosi moja kabla ya ukaguzi nilikwenda Kakuma kwa nauli yangu, nikachukua bodaboda hadi kwa mama yake, nikamfundisha. Usichinje. Wanyama wapelekwe mbali, ng'ambo ya mto mkavu. Shanga uvue. Wakija usisimame, na chai usiwape, hata maji. Ukiulizwa mbuzi, sema huna hata mmoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Niwakane wanyama wangu kwa mdomo wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wageni waondoke kwangu na njaa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye mwalimu wa mtoto wangu?"

Nikasema ndimi.

Akageukia moto wake, akasukuma kuni ndani. "Nimeelewa," akasema. Hakunisindikiza nilipoondoka, na kwetu mtu asiposindikizwa amekwisha kuambiwa anavyofikiriwa.

Kamati ilipofika, alifanya yote. Alikaa chini kwenye vumbi, shingo tupu, na pale zilipokaa shanga miaka yote ngozi ilikuwa na rangi nyingine, laini kama ya mtoto mchanga. Hakuinuka. Hakutoa mkono. Binti yake alisimama mlangoni pa nyumba akiwa amevaa sare ya shule yake ya Kakuma. Afisa alikuwa yule yule, wala hakumtambua mama aliyemlisha. Nilipotafsiri swali la mbuzi, mama hakunitazama mimi. Alimtazama afisa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani.

"Sina. Hata mmoja."

Msichana akageuza uso ukutani.

Afisa alifurahi. Sina neno jingine, alifurahi. Akataka picha, na akaniambia nimwambie mama ashike sufuria tupu na kuiinamisha kidogo ili ndani paonekane. Nikatafsiri na hilo. Mama akashika sufuria, akainamisha.

"Sasa hii ndiyo kesi yenyewe," mwenyekiti akasema tulipokuwa tunarudi Lodwar, na kwa mara ya kwanza akanisifu kwamba kazi yangu ni safi.

Msichana alipata ufadhili wa miaka yote iliyobaki. Yuko kwetu hivi sasa, anaongoza darasa lake, na picha ya mama yake na sufuria imo katika kitabu cha mfuko, ukurasa mzima. Muhula ule wa kwanza, alipokuwa bado hajui kama atabaki, alikuwa akinifuata jioni nje ya jiko tuzungumze Kiturkana, ananisimulia habari za nyumbani hadi kengele inalia. Siku hizi tukikutana nikimsalimu kwa lugha yetu husimama wima, mikono nyuma, macho kwenye viatu vyangu, na kunijibu kwa Kiingereza.

"Good evening, teacher," husema, kisha husubiri nimruhusu aende zake.